Sindano ya dharura ya glukagoni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa zaidi na watu wasio na kisukari: mke, baba, dada, mwalimu, mfanyakazi mwenza. Ndivyo inavyopaswa kuwa. Mtu ambaye sukari yake imeshuka hadi akapoteza fahamu hawezi kujichoma, kwa hiyo sindano hii, ingawa imeandikwa jina lake, ni ya mtu aliye karibu naye.

Kama kuna mtu amezirai mbele yako sasa hivi na sindano unayo, usiendelee kusoma utangulizi. Mchome, mlaze kwa ubavu, piga simu ya dharura. Mengine utayasoma baadaye.

Glukagoni ni nini?

Ni homoni inayotolewa na kongosho, kama insulini, lakini kazi yake ni kinyume. Insulini hushusha sukari ya damu, glukagoni huipandisha. Tunapokula, ini hujiwekea akiba ya sukari inayoitwa glaikojeni. Glukagoni ikilifikia ini, huliamuru livunje akiba hiyo na kuiachia sukari iingie kwenye damu. Jina lake lilitolewa mwaka 1923, muda mfupi baada ya insulini kugunduliwa mwaka 1921. Dawa ya dharura ni homoni hiyohiyo, au nyingine iliyoundwa kufanana nayo, iliyotengenezwa maabara.

Shika jambo moja, maana litaeleza mengi huko mbele: ndani ya sindano hamna sukari. Sindano ni ufunguo wa ghala, na ghala ni ini. Ghala likiwa tupu, ufunguo peke yake hausaidii sana.

Nitajuaje kwamba hali imefikia pa kuchoma sindano?

Sukari huhesabiwa kuwa imeshuka ikiwa chini ya milimoli 3.9 kwa lita, yaani miligramu 70 kwa desilita. Ikiwa chini ya 3.0 (miligramu 54) ubongo huanza kukosa nguvu na hatua ichukuliwe papo hapo. Lakini sukari kushuka kwa ukali haipimwi kwa namba. Ni pale mtu anaposhindwa kujisaidia na kumhitaji mwingine.

Tumia sindano ikiwa mtu mwenye kisukari amepoteza fahamu, ana degedege, au yuko macho lakini hawezi kumeza salama: amelegea, ameduwaa, hafuati maneno yako, kinywaji kinamwagika mdomoni. Wengine kabla ya kufika hapo hutokwa jasho jingi, hutetemeka, huwa wakali bila sababu au huongea kama walevi. Jamaa na marafiki mara nyingi hudhani mtu amekunywa au ana hasira zake, na hapo muda unapotea.

Kama yuko macho na anameza vizuri, sindano haihitajiki. Mpe gramu 15 za sukari ya haraka, kwa mfano vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya juisi au ya soda yenye sukari halisi. Subiri dakika 15, mpime tena, na kama bado iko chini mpe tena kiasi kilekile.

Kwa nini nisimmiminie tu maji ya sukari mdomoni?

Kwa sababu aliyezirai hamezi. Maji, asali au soda vitaelekea kwenye njia ya hewa, na utakuwa umemwongezea hatari ya kupaliwa na kukosa pumzi juu ya ile aliyokuwa nayo. Vilevile usimtie kijiko wala kidole kati ya meno anapopata degedege. Najua mikono hutafuta cha kufanya wakati huo. Ipe kazi ya kufungua kiboksi cha sindano.

Nimpime kwanza?

Kama mashine ya kupima sukari iko karibu na kupima kutachukua chini ya dakika moja, pima. Kama itabidi uitafute kabatini, acha. Mtu anayetumia insulini akizirai bila sababu nyingine iliyo wazi, mhesabu kuwa sukari imeshuka na umchome.

Itakuwaje kama nimekosea, kumbe sukari ilikuwa juu?

Hili ndilo swali linalowazuia watu wengi, kwa hiyo nitalijibu kwa kirefu.

Dozi moja ya glukagoni kwa mtu ambaye sukari yake tayari iko juu itaipandisha zaidi kwa muda, na huenda akajisikia kichefuchefu. Hilo hurekebishwa hospitali. Kwa upande mwingine, ubongo unaokosa sukari kwa muda mrefu unaweza kupata madhara ya kudumu, na mtu anaweza kufa. Uzito wa makosa hayo mawili haulingani hata kidogo. Ndiyo maana mafunzo ya kisukari husema: ukiwa na shaka, choma.

Hofu nyingine ni ya sindano yenyewe: kwamba utagonga mfupa, utaingiza kiputo cha hewa, utamuumiza. Kuingiza kiputo kidogo cha hewa kwenye msuli hakuleti madhara. Kukosea mahali kwa sentimita chache hakuharibu kitu. Hutafuti mshipa wa damu. Hiyo ni kazi ya wauguzi na si ya sindano hii. Kwa miaka yote ambayo nimekuwa nikiwafundisha watu kutumia glukagoni, hatari niliyoona ikijirudia ni moja: sindano ipo, mtu yupo, lakini hakuna aliyethubutu.

Kosa ambalo kweli ni la hatari ni kuchanganya dawa. Usimchome insulini mtu aliyezirai. Insulini itaishusha sukari zaidi. Kiboksi cha glukagoni kitunzwe mbali na kalamu za insulini ili mkono wenye haraka usibebe kisicho chake.

Nimchomeje?

Inategemea aina uliyonayo, na ziko mbili kubwa.

Ya kwanza ni ya kuchanganya. Kwenye kiboksi mna kichupa cha unga mweupe na bomba la sindano lililojazwa maji safi ya dawa. Bandua kifuniko cha plastiki kilicho juu ya kichupa, lakini usiutoe mpira ulio chini yake. Vua kifuniko cha sindano, toboa mpira katikati, sukuma maji yote yaingie kwenye unga. Sindano ikiwa bado ndani, zungusha kichupa polepole mpaka unga uyeyuke wote. Usitikise kwa nguvu, utapata povu. Dawa iliyo tayari huwa angavu kama maji. Ikiwa na vipande au ikiganda kama uji, usiitumie. Pindua kichupa juu chini, hakikisha ncha ya sindano imezama kwenye dawa, uivute. Chomoa kichupani, choma sindano kwenye paja kwa nje, sukuma hadi mwisho, itoe. Dawa ikishachanganywa hutumika papo hapo. Haiwekwi akiba, na inayobaki hutupwa.

Aina ya pili ni kalamu inayochoma yenyewe, ambayo dawa yake tayari ni ya maji. Gvoke HypoPen iliidhinishwa Marekani mwaka 2019, na Ulaya dawa hiyo hujulikana kama Ogluo. Zegalogue ilifuata mwaka 2021, nayo ina dasiglukagoni, molekuli iliyoundwa kufanana na glukagoni. Kwa kalamu hizi unavuta kifuniko, unaweka ncha kwenye ngozi iliyo wazi, unagandamiza mpaka usikie mlio, kisha unaendelea kugandamiza bila kunyanyua hadi kidirisha kiwe chekundu. Gvoke huchukua kama sekunde 5, Zegalogue kama 10. Kosa la kawaida hapa ni kuinua mkono mara tu mlio unaposikika, dawa ikamwagika juu ya ngozi. Hesabu kwa sauti, itakusaidia mikono ikitetemeka.

Ukiwa na uwezo wa kuchagua, mimi ningechukua kalamu. Hatua za kuchanganya unga si ngumu ukiwa umekaa mezani, ila hazifanywi mezani. Lakini kama ya unga ndiyo uliyonayo, inaponya vilevile, mradi umeifanyia mazoezi.

Sehemu gani ya mwili inafaa?

Paja kwa nje, katikati kati ya nyonga na goti, ndiyo rahisi kuliko zote. Sehemu ya juu ya mkono kwa nje inafaa pia. Kalamu nyingi huruhusu na tumbo, mbali kidogo na kitovu. Funua ngozi kwanza.

Mtoto apewe kiasi gani?

Kwa sindano ya kuchanganya, mtu mzima na mtoto mwenye kilo 25 au zaidi hupewa dozi nzima ya miligramu 1. Mtoto aliye chini ya kilo 25 hupewa nusu, yaani miligramu 0.5, bomba lina alama ya nusu. Kama huujui uzito wake, mtoto wa chini ya miaka 6 mhesabu kwenye kundi la nusu dozi.

Kalamu zina mipaka yake. Gvoke huanza miaka 2, na kuna ya miligramu 0.5 kwa walio chini ya miaka 12 na chini ya kilo 45. Zegalogue huanza miaka 6, dozi ni moja ya miligramu 0.6 kwa wote. Mwombe daktari au mfamasia aandike dozi ya mtoto wako kwa kalamu ya wino juu ya kiboksi. Mwalimu au shangazi atakayekishika siku hiyo hatakuwa na muda wa kutafuta karatasi ya maelezo.

Nimeshachoma. Sasa nifanye nini?

Mgeuze alale kwa ubavu, goti la mguu wa juu likunjwe kwa mbele, uso uelekee chini kidogo. Usiliruke hili. Glukagoni huleta kichefuchefu na kutapika kwa watu wengi wanapozinduka, na aliyelala chali anaweza kupaliwa na matapishi yake. Piga simu ya dharura kama hujapiga, au mtume mwingine apige wakati wewe unachoma. Tazama saa, kumbuka muda. Kaa naye.

Usitegemee ainuke mara moja. Kwa kawaida fahamu hurudi ndani ya dakika 10 hadi 15, na dakika hizo ni ndefu. Angalia anapumua. Kama hapumui kabisa, hilo ni tatizo jingine: anza kumkandamiza kifua na umweleze anayekupokea simu.

Dakika 15 zimepita na bado hajazinduka.

Kama una sindano ya pili, mchome dozi nyingine. Kama huna, hakikisha msaada uko njiani au mpeleke mwenyewe hospitali, akiwa amelala kwa ubavu. Huko atawekewa glukosi moja kwa moja kwenye mshipa, ambayo haihitaji ini kufanya kazi yoyote.

Kwa nini wakati mwingine haifanyi kazi?

Rudi kwenye ghala. Mtu aliyekaa na njaa siku nyingi, aliyekonda kwa maradhi, au mwenye tezi za adrenali (tezi ndogo zilizo juu ya figo) zisizofanya kazi vizuri huwa na akiba ndogo sana kwenye ini. Pombe nayo inastahili neno la pekee. Ini linaposhughulika kuondoa pombe halitengenezi sukari mpya, na saa kadhaa baada ya mtu kunywa, hata akiwa amelala usiku, sukari inaweza kushuka na glukagoni ikasaidia kidogo tu. Aliyekunywa pombe huku anatumia insulini akizirai, mchome, lakini hospitali ipigiwe simu tangu dakika ya kwanza.

Kuna pia dawa ya maumivu iitwayo indomethasini, inayoweza kuizuia glukagoni kupandisha sukari. Anayetumia amweleze daktari wake.

Amezinduka. Ale nini?

Akiwa macho kabisa na anameza, aanze na kitu chenye sukari ya haraka kama juisi, kidogo kidogo kwa ajili ya kichefuchefu. Kisha ale chakula cha kudumu zaidi: mkate, biskuti na maziwa, au mlo wa kawaida. Ini limetoa akiba yake na sasa linahitaji kuijaza tena. Asipokula, sukari inaweza kushuka mara ya pili, na safari hiyo ghala litakuwa na kidogo zaidi cha kutoa. Mpime kila baada ya muda mfupi kwa saa za mwanzo, na usiku huo asilale peke yake.

Huenda akaamka amechanganyikiwa, akalia, akakasirika, au asikumbuke lolote. Ongea naye taratibu, mwambie kilichotokea. Maumivu ya kichwa ni ya kawaida. Asiendeshe gari mpaka sukari itulie na akili iwe imerudi sawasawa.

Kama amepata nafuu, bado kuna haja ya kumwona daktari?

Ndiyo, daima angalau aarifiwe siku hiyo, kwa sababu kuna kitu kilisababisha: dozi kubwa ya insulini, mlo ulioachwa, mazoezi mazito, figo zilizodhoofika. Na kuna kundi ambalo ni lazima liende hospitali hata likijisikia vizuri: wanaotumia vidonge kama glibenklamidi au glimepiridi. Vidonge hivi hubaki mwilini kwa muda mrefu vikiendelea kulihimiza kongosho litoe insulini, na sukari inaweza kushuka tena na tena kwa saa nyingi. Kwa wazee na wenye ugonjwa wa figo hili ni kubwa zaidi.

Nani hapaswi kupewa?

Wachache. Wenye uvimbe wa tezi ya adrenali uitwao feokromositoma, kwa kuwa shinikizo la damu linaweza kupanda ghafla sana. Wenye uvimbe wa kongosho unaotoa insulini, kwa kuwa baada ya kupanda sukari inaweza kushuka zaidi. Na waliowahi kupata mzio mkali wa dawa yenyewe. Watu hawa huwa wameshaambiwa na madaktari wao. Anayetumia dawa za presha za jamii ya vizuizi vya beta anaweza kupandwa na mapigo ya moyo na presha kwa muda, na kwa anayetumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, dawa hiyo inaweza kuzidi nguvu. Waeleze wahudumu wa afya baadaye, lakini usimnyime sindano aliyezirai kwa sababu hiyo.

Mjamzito je?

Mchome. Glukagoni haivuki kondo la nyuma kumfikia mtoto, na mama kubaki bila fahamu kunawahatarisha wote wawili.

Itunzwe wapi?

Soma kiboksi, kwa kuwa aina hazifanani. Ya unga hukaa kwenye joto la kawaida la chumba, isiyozidi nyuzi 25, kwenye giza la kiboksi chake. Gvoke isiwekwe kwenye friji kabisa na ibaki ndani ya mfuko wake wa foili mpaka siku ya kutumika. Zegalogue hutunzwa kwenye friji, na ikitolewa inaweza kukaa kwenye joto la chumba hadi miezi 12, ila isirudishwe tena. Hakuna hata moja inayopaswa kugandishwa au kuachwa ndani ya gari lililoegeshwa juani.

Imepita tarehe. Niitupe?

Tafuta mpya leo, ya zamani utumie kufanyia mazoezi ya kuchanganya kisha itupwe kwenye chombo kigumu cha sindano. Ikitokea dharura na iliyopita tarehe ndiyo pekee iliyopo, wafunzaji wengi wa kisukari husema bora itumike kuliko kukaa bure, kama dawa ni angavu na haina vipande, huku msaada ukiwa umeshaitwa. Nakubaliana nao.

Nasikia kuna ya puani.

Ipo, inaitwa Baqsimi, unga wa miligramu 3 unaosukumwa puani. Mgonjwa hahitaji kuuvuta kwa pumzi, na hata mwenye mafua unamfaa. Kwa anayeogopa sindano kupita kiasi ni jawabu zuri.

Je, ninayetumia vidonge tu ninaihitaji?

Chama cha Kisukari cha Marekani kinapendekeza glukagoni kwa kila anayetumia insulini na kwa yeyote mwenye hatari kubwa ya sukari kushuka. Anayetumia metformini peke yake kwa kawaida haihitaji. Anayetumia glibenklamidi aulize.

Sina glukagoni kabisa, na mtu amezirai.

Mlaze kwa ubavu, usimtie kitu mdomoni, piga simu, na kama gari la wagonjwa halitafika upesi, mpeleke kwenye kituo cha afya kilicho karibu kuliko vyote chenye dripu ya glukosi. Sema neno "kisukari" mara tu unapofika mlangoni, na uende na dawa zake zote anazotumia.

Nimfundishe nani?

Kila anayelala nyumba moja na mgonjwa, pamoja na watoto wakubwa. Kila anayekaa na mtoto mwenye kisukari asubuhi hadi jioni. Mtu mmoja kazini, na mwingine kwa siku ambazo yule wa kwanza hayupo. Fungueni kiboksi cha mazoezi pamoja, mshike kwa mikono yenu, msomeshane hatua kwa sauti. Onyesha sindano halisi inapokaa, na ikihamishwa, kila mmoja aambiwe siku hiyohiyo. Rudieni mazoezi kila mnapobadilisha sindano iliyopita tarehe.